Sekunde Kumi na Moja

Naitwa Maryvonne. Kazi yangu ni kukaa
ndani ya gari la kijivu asilolikumbuka mtu,
injini nimeizima moshi usije ukanisaliti,
miguu ndani ya blanketi, nyuzi ishirini na mbili
chini ya sifuri, mjini Jonquière,
namngoja Réal Bouchard wa kiwanda cha alumini
atoke nje apone.

Faili lasema: pingili mbili za mgongo,
mnyororo wa winchi, zamu ya usiku, mwezi Machi.
Kampuni ya bima yasema: tuone.
Hawasemi anadanganya. Ni watu wa adabu.
Husema tuone, wakanilipa kwa saa,
pamoja na mafuta.

Siku ya kwanza pazia. Siku ya pili pazia.
Siku ya tatu mkewe, Huguette, na koleo,
anakwangua theluji mlangoni hadi barabarani,
miaka sitini na mitatu, peke yake.
Nikaandika: mlengwa hakuonekana.
Fomu haina kisanduku cha mke.

Siku ya sita alitoka na mfuko mmoja wa taka
akihesabu ngazi kwa midomo. Nilimsoma:
moja, mbili, tatu,
akapumzika,
nne.
Ofisi ikajibu: haina uzito.
Sikujua kama walimaanisha mfuko.

Siku ya tisa, mbwa.
Mbwa mzee, mweusi, mdomo umeota mvi,
miguu ya nyuma imegoma. Mlango wa gari u wazi.
Huguette yumo ndani bado, anatafuta funguo.
Réal alitazama mlango, akamtazama mbwa,
akapiga goti, akapitisha mikono chini ya lile tumbo,
akanyanyuka naye.

Sekunde kumi na moja.
Picha safi, jua upande wangu, uso wote.
Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli,
kama wa mtu aliyeokota noti.

Kisha akabaki ameshika paa la gari kwa mikono miwili,
glovu moja imo kinywani, ameing'ata.
Dakika ishirini na sita.
Huguette nyuma yake, hamgusi,
kama asimamaye kando ya sufuria la moto.
Kamera iliendelea kwa kuwa kidole changu kilikufa ganzi.
Ndiyo sababu. Usinifanye mwema.

"Hapo hakuna tendo," akasema Normand kwenye simu,
"mtu kasimama tu."
Nikakata. Nikaandika: kilo thelathini na nne,
bila msaada, bila dalili.
Kilo nilizipata kwa daktari wa mifugo
nikijifanya binamu. Akanipa pole.
Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mbwa hakurudi nyumbani.

Kitanda nisichokilalia nimekipiga picha
kila upande, na kunguni hawakuonekana.

Dakika zile zimo kwenye kadi ndogo
ndani ya mkebe wa vifungo, jikoni kwangu.
Kikao ni Aprili. Hakuna aliyeniuliza
kama kuna zaidi.
Jana usiku nilisimama mbele ya friji,
mikono juu, glovu menoni.
Nilidumu dakika nne, na mgongo wangu ni mzima.

Kesho naanza mtaa mwingine:
mwanamke, kifundo cha mkono, kiwanda cha jibini.
Blanketi limekauka.