Spana Namba Kumi na Saba

Lililetwa Shabab likivutwa kwa mnyororo,
Landkruza la mwaka wa themanini na sita,
rangi yake maziwa yaliyolala,
na Bi Nasipwondi wima nyuma ya usukani
kana kwamba analiendesha yeye.
"Una wiki tatu," akaniambia.
"Kisha Maralal, Baragoi, hadi Loiyangalani."
Mimi nikafungua boneti.
Gari haliulizwi linakwenda wapi.
Huulizwa linaumwa wapi.

Nilichukua bisibisi ndefu,
ncha juu ya injini, mpini sikioni.
Dizeli ya zamani haina siri, ina lafudhi tu:
ule mgongo wa silinda ya tatu
ni nozeli inayokojoa badala ya kunyunyiza;
ule mluzi ni beringi ya oltaneta;
na chini kabisa, mbali,
moyo wenyewe, mzima,
kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya tatu.

Oili ilitoka nyeusi, nyepesi,
chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Niliisugua kati ya vidole viwili. Hamna chuma.
Hozi za rejeta nikazibana
kama mnunuzi abanavyo parachichi.
Zimeiva mno. Tupa.

Kemboi, mwanagenzi wangu, alitaka tuanze na rangi.
"Rangi haipandi mlima," nikamwambia. "Leta grisi."

Njuguna wa vipuri alidai elfu kumi na nne
kwa majani mawili ya springi
yaliyotoka kwenye lori la miwa la Muhoroni.
Tukagombana, tukanywa chai, tukagombana tena.
Nililipa kumi na moja na neno moja baya.

Siku ya tisa nilifungua mlango wa kushoto,
kioo kilikuwa hakipandi,
na ndani ya bati nikakuta mchanga.
Si vumbi letu la Kaptembwo lenye kunata.
Ulikuwa wa kijivu, mkavu,
ukitiririka kama unga.
Bi Nasipwondi alichovya kidole, akaulamba.
Akaulamba!
"Chalbi," akasema. "Tisini na tatu.
Tulichimba visima kumi na sita.
Kimoja kilitoa maji ya kunyweka."
Akajifuta kidole kwenye leso
asiseme cha zaidi.

Sikumwambia
kwamba magari ya huko nimeyatengeneza arobaini na ushei,
ya mapadre, ya madaktari wa mifugo,
ya mzungu mmoja aliyehesabu ndege,
na mwenyewe nimefika Marigat tu,
kumzika shemeji, nikarudi jioni ile ile.
Nyuma ya benchi nina kopo la Kimbo.
Humo mna mchanga wao wote,
wa magurudumu, wa machujio, wa chini ya mazulia.
Nilisubiri aondoke
nikauongeza wake.

Alhamisi, kabla ya adhana, tulipakia:
jerikeni nne, matairi mawili ya akiba,
feni belti, waya, mpira wa ndani uliokatwa vipande,
na sabuni ya mche. "Siyo ya kuoga," nikasema.
"Jiwe likitoboa tangi, iponde, isukumie pale.
Itakufikisha."

Ufunguo. Moshi mweupe, kohozi la asubuhi,
kisha wa kijivu, kisha hewa tupu ikitetemeka.

Hapo ndipo nilipokagua sanduku lake la vyombo:
kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tisa.
Nilirudi ndani.
Yangu ina herufi R niliyoichora kwa msumari
mwaka niliolipwa mshahara wangu wa kwanza.
"Nakuazima," nikamwambia. "Sikuuzii."
Hakuitia sandukuni.
Aliiweka mbele, pale kiooni,
ipate kuona.

Walipotelea barabara ya Nyahururu.
Saa nne hivi Kemboi, chini ya pikapu ya mtu,
akanyoosha mkono bila kutazama:
"Fundi, nipe kumi na saba."
Nikamwambia, imesafiri.