Safu ya Kuni

Waraka ulifika Jumatatu, kurasa tisini na nne,
ukatua mezani kwangu kama gunia la chumvi.
Kanuni mpya, alisema meneja akifuta miwani:
kuanzia hesabu za mwaka huu
kampuni itaeleza si ilichopata tu
bali na ilichokula.

Ilichokula.
Nililirudia neno hilo peke yangu kwenye ngazi,
nikacheka, kisha kicheko kikaniishia kooni.

Miaka sita nimeijaza safu ya kuni
kwa kunakili ya mwaka uliotangulia,
naongeza asilimia mbili, asilimia tatu,
kama mpishi aongezaye maji kwenye mchuzi wageni wakizidi.
Chanzo: mashamba ya miti ya wakulima.
Hakuna aliyeuliza.

Sasa mkaguzi anakuja, na mkaguzi anataka kuona.
Basi nikatoka Tabora alfajiri kuelekea Usoke,
mimi na Mlekwa dereva na futikamba ya mita hamsini
na kishikwambi chenye ramani ya kijani
isemayo: hapa pana mikaratusi elfu kumi na mbili.

Tuliikuta mia tatu na kumi.
Niliihesabu mara mbili, jua likinihesabu mimi.
Mingine mchwa waliiwahi, mingine mbuzi,
na mingi, alisema Mihayo bila kuona haya,
haikuwahi kugusa udongo:
miche ilikuja Juni, mvua imeshaaga,
tukatia saini ya kupokea,
ikafia kwenye vifuko vyake vyeusi.
Saini ile ninayo. Iko kwenye faili la mafanikio.

Nyuma ya bani lake palikuwa na lundo.
Nikashika ncha moja ya futikamba, yeye nyingine.
Mita tatu kwa mbili, kimo mita moja.
"Za wiki hii," akasema. "Bani moja."
Akazitaja akizigonga kwa kisigino, moja moja:
mtundu, myombo, mlama,
na huu mninga, huu sikutaka,
ila usiku ule moto ulikuwa unanizimikia
na jani lilikuwa linageuka kijani kibaya.

Kwenye kishikwambi hakuna mahali pa majina.
Kuna *wa kupandwa*, kuna *wa asili*,
na ukichagua wa asili kisanduku huwa chekundu.

"Na mimi je? Mimi naandikwa safu gani?"
Nikatafuta. Waajiriwa: hapana.
Wauzaji: ndiyo, namba, kilo, daraja.
Mapafu ya Kashindye mkewe, anayekesha akichochea,
yamo ukurasa wa sabini na moja,
chini ya *mengineyo*.

Sikumwambia kwamba nimekulia humo humo,
kwamba ada yangu ya shule ilifungwa marobota,
kwamba nikirudi likizo mama alinipokea mlangoni mwa bani
macho mekundu, machozi mashavuni,
nami mtoto nikidhani ni furaha.
Labda ilikuwa furaha pia. Sikuwahi kumuuliza
na sasa hayupo wa kuulizwa.

Saa tatu usiku. Ofisini imebaki taa moja.
Ile harufu tamu ya ghala haitoki kwenye mapazia.
Meneja ameniachia ujumbe:
*Weka makadirio, mwakani tutarekebisha.*
Si mtu mbaya. Ana watoto watatu, na bodi.

Huko stesheni treni ya Kigoma inapiga honi,
inachelewa kama kawaida, haimwombi mtu radhi.

Nimeifuta namba ya mwaka jana.
Kishale kinapepesa kwenye safu tupu
kama jicho lililoingiwa na moshi.
Naandika mia tatu na kumi.
Naandika wa asili.
Kisanduku kinawaka chekundu, mfumo unauliza
kama nina uhakika, na kama sina
nirudi ukurasa uliopita.

Chini kuna nafasi ya maelezo, herufi mia mbili, basi.
Naanza na mtundu.