Zamu ya Sayi

Kitambulisho kinasema tarehe mosi Julai.
Baba hucheka: hiyo ni siku aliyozaliwa karani.
Yeye anajua tu kwamba pamba ilikuwa imepasuka, huko Magu,
na mama yake alikuwa na gunia mgongoni;
akalitua gunia, akamtua na yeye.

Basi siku yake huwa tunaichagua sisi.
Mwaka huu tulichagua usiku.

Maana mchana baba hatumjui.
Tunajua nyayo zake zilizochungulia nje ya shuka
na kidole cha mama mdomoni: shii, baba yenu amelala.
Mwaka wa kumi na moja huu analinda lango la kiwanda cha samaki, Igogo.
Sisi tukisema mwangaluka, yeye ndiyo anaifunga siku:
anavua buti, anakunywa uji, anatuaga
kama mtu anayepanda meli.

Jumamosi hiyo alipewa ruhusa.
Mama alishuka Mwaloni akarudi na sato wawili wanene.
Lukelesha akabeba jiko, mimi bao,
Sayi, wa mwisho, akabeba mto wa kulalia
na hakumwambia mtu ni wa nini.
Tukapanda Mabatini mpaka njia ilipokwisha,
huko juu ambako miamba imeegemeana
kama watu waliochoshwa na foleni.

Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana.
Tulikaa juu yake kama mikate.
Baba alianza na kichwa cha samaki, macho kwanza,
akanyonya mifupa mpaka ikalia.
Kwenye bao akamla Lukelesha kete zote, bila haya,
akampa pole, akamla tena.

Kisha kombolela.
Nani alitudanganya tucheze kombolela
na mlinzi wa usiku?
Alihesabu ishirini, uso kwenye mwamba. Tochi hakuwasha.
«Lukelesha, nyuma ya tangi. Punguza kupumua.
Nkwimba, hiyo kanga inanuka moshi wa samaki.
Na wewe, mama watoto? Mtu mzima?»
Mama akatoka katika upenyo wa mawe, nywele zina majani,
akicheka kicheko
ambacho nyumbani hakijawahi kupata nafasi.

Sayi hakuonekana.

Baba aliita mara moja kwa mchezo.
Mara ya pili sauti ilikuwa ile ya kazini.
Mbwa akabweka bondeni. Mama akaacha kucheka.

Tulimkuta tulikoanzia,
kando ya jiko, wima,
kofia ya baba imemmeza mpaka masikioni,
rungu la baba limemzidi kimo kidogo tu,
na mto ameuweka juu ya jiwe, ameupigapiga ukaumuka.
«Lala,» akamwambia. «Leo zamu yangu.»

Nilingoja baba acheke.
Hakucheka. Alimpigia saluti,
akavua viatu, akavipanga pamoja, akalala.

Ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa.
Usiku ule haukuwa na mwezi; tulizihesabu
tukafika mia na kitu, tukagombana, tukaanza upya.
Mama alituliza kwa vitendawili
na majibu mengine aliyatunga palepale.

Baba alikuwa analala kwa mafungu.
Kokoto ikiporomoka, anafumba ngumi: «Nani?»
«Ni sisi.»
Bati likilia kwa upepo: «Nani?»
«Ni sisi, baba.»
Mara nne, mara tano. Ya sita
aliuliza nusu ya swali
na usingizi ukamalizia nusu iliyobaki.

Mlinzi wetu mwenyewe hakufika saa nane.
Alisinzia amelikumbatia rungu. Hatukumsemea.

Jua lilichomoza nyuma yetu, maji yakaanza kuwa na rangi.
Mitumbwi ikageuka, taa moja baada ya nyingine ikazimwa.
Baba akafumbua macho, akalitazama anga
kama mtu aliyeamkia ugenini.
«Mwangaluka, baba,» tukasema.

Naye, kwa mara ya kwanza masikioni mwangu,
akaitikia
kwa sauti nzito ya mtu
aliyetoka kuamka.