Digrii Themanini na Saba

Alilileta kwa kulisukuma, Alhamisi, siku ya gulio la El Alto,
bega kwenye nguzo ya mlango, kofia imerudi kisogoni,
na bintiye Wilma ndani, kaukumbatia usukani kwa mikono miwili.
Don Zenón Callisaya. Teksi nyeupe, Toyota ya zamani.
Mkono wake wa kulia kaufunga kitambaa kibichi:
aliifungua rejeta ikiwa bado na hasira.
Sikumsema. Nami nina kovu kama hilo chini ya kiwiko,
la mwaka ule nilipokuwa najifunza.

Mafundi watatu, Doña Eulogia, akasema.
Wa kwanza kabadilisha pampu.
Wa pili kaing'oa thamostati, kaitupa: eti huku mlimani haina kazi.
Wa tatu hakushika hata spana. Kachungulia, katamka "gasketi",
kataja bei ya ng'ombe na ndama wake.

Mimi huuliza kwanza. Mkono baadaye.
Linachemsha lini?
Pale Ceja, foleni ikikwama, mabasi yamenibana huku na huku.
Na ukiwa njia ya Oruro, mwendo wa themanini?
Linatulia. Kama mtoto aliyeshiba.

Basi nikaanza na upepo.
Kijiti cha oili: nyeusi, lakini haina maziwa.
Feni nikaiunga moja kwa moja na betri,
ikavuma, ikampeperushia Wilma karatasi za shule hadi mtaroni.
Fyuzi nzima. Relei inagonga.
Ikabaki swichi ya joto, kidude cha shaba chini ya rejeta.
Nikakifungua, nikakitia sufuriani juu ya jiko la gesi,
waya mbili, na taa ndogo ya kupimia.

Maji yakachemka. Yakatokota hadi kifuniko kikacheza.
Taa haikuwaka.
Imekufa, akasema Don Zenón, na mkono tayari uko mfukoni,
umeshazoea.
Nusura nami niseme hivyo.

Ila ubavuni mwa shaba, tarakimu ndogo kama nyayo za sisimizi: 95.
Na kipimajoto changu kimesimama kwenye themanini na saba, hakipandi,
hata niongeze moto vipi.
Nilicheka peke yangu.
Mita elfu nne na ushei hewa ni nyepesi,
haina uzito wa kuyakalia maji,
nayo huondoka mapema.
Mama alijua hilo bila kipimajoto:
maharage yake yalianza jikoni kabla ya jogoo.

Nikamwaga maji, nikatia mafuta ya kupikia.
Mafuta hayajui mlima.
Themanini na saba, tukapita. Tisini. Tisini na tatu.
Tisini na tano, taa ikawaka.

Swichi haikuwa na kosa. Ilikuwa inangoja.
Nikauokota mfuniko wa rejeta, ule aliokuwa kauweka juu ya betri
kama kitu kisicho na maneno.
Raba yake ina ufa, mwembamba, kama ufa wa kisigino.
Presha ilikuwa inatorokea hapo,
maji yanachemka kwenye themanini na saba, yanaruka, yanakwenda zake,
na feni imekaa inasubiri tisini na tano
ambayo haikufika hata siku moja.

Mfuniko mpya: bolivianos thelathini na tano.
Thamostati nikampa iliyotumika, bure, nisingelala vinginevyo.
Tukaliacha linaunguruma uani, boneti wazi.
Wilma akiimezea macho sindano ya joto.
Robo saa. Dakika ishirini. Mbwa akaja, akalala, akaondoka.
Kisha feni ikaamka yenyewe,
na mzee akaruka nyuma kana kwamba kaitwa jina lake.

Alipokuwa anahesabu noti, taratibu, kwa mkono wa kushoto,
akauliza bila kunitazama:
na ile pampu yangu ya kwanza, ilikuwa nzima?

Ilikuwa imechoka, nikasema.
Sikuwahi kuiona.