Usitoboe

Kobilo alishuka kutoka Mau Narok na bunduki ya marehemu
ndani ya blanketi la kijivu.
Kwanza akaweka mezani kibali, mihuri yote ipo,
kisha bunduki.
"Nguruwe-mwitu wamemaliza viazi. Napiga juu, wasikie tu,
lakini bega linaloumia ni langu."

Mimi fundi wa ngozi, Bondeni, nyuma ya kinyozi.
Nashona hatamu, mikoba, viatu vya askari.
Kitako kilikuwa cha mti wa jozi,
kimeiva weusi pale shavu la mtu mmoja lilipolala.

Wekulo, mwanagenzi wangu, macho yakamtoka:
Tuweke darubini! Tuweke miguu miwili!
Tupige vanishi, ing'ae kama jeneza!

Mama akamtazama
kama mtu anavyoitazama mvua ya mawe.
"Kama jeneza," akasema. "Haya."

Basi tukafanya machache.
Soli ya raba kitakoni, unene wa kidole,
bila msumari: imevishwa kofia ya ngozi,
ikafungwa kamba kama kiatu.
Mkanda mpana, umelainishwa kwa mafuta ya kondoo,
ukapita katika pete zile zile za zamani.
Kifuko cha risasi tano, kifuniko chake hakisemi neno.
Na kwenye kilengeo cha mbele, tone moja jeupe,
rangi ya kucha ya mke wangu,
kwa kuwa alfajiri ya Mau ina ukungu
na macho yale yana miaka sabini na mmoja.

Kila nikigusa keekee: "Usitoboe.
Siku serikali ikiitaka, iende kama alivyoniachia."

Ubavuni mna mikato kumi na minne.
Wekulo akashindwa kujizuia. "Chui, mama? Au simba?"

"Miezi," akajibu.
"Miezi ambayo bwana wake hakumlipa.
Yeye alikuwa mbebaji tu, kupiga walipiga wengine.
Mwezi wa kumi na tano mzungu akauza shamba,
akamlipa hii."

Nikapitisha nta juu ya mikato, kwa kitambaa,
taratibu, nisije nikaijaza.

Akaiweka begani, tupu, akaielekeza kalenda ya ukutani.
"Sasa inakaa."

Kisha akafungua leso.
Akahesabu noti mara mbili, akanikabidhi,
akasimama pale pale mlangoni
mpaka na mimi nilipomaliza kuhesabu.