Breki ya Upande wa Abiria

Usiniambie breki mbovu, Mwalimu Dzombo.
Hilo hata mbuzi wa Changamwe wanalijua,
ndiyo maana walikupisha.
Niambie mguu ulihisi nini.

Ulizama? Ulizama vipi,
kama kwenye matope ya mikoko,
au kama kwenye godoro la sufi,
unashuka ukijua chini kuna mbao?
Na usukani: ulitetemeka ulipokanyaga tu,
au hata gari likiteleza bure?
Haya ni maradhi mawili. Usiyape jina moja.

"Mteremko wa feri," anasema, "pale Likoni,
magari mbele, watu wa miguu wamejaa.
Nikakanyaga, ikaenda.
Nikakanyaga tena, ikakubali."

Tena.
Neno hilo nililiweka mfukoni pamoja na spana.

Nikaipandisha jeki, Datsun kuukuu
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.
Nikapitisha ukucha juu ya diski:
mifereji kama ya santuri,
na ukingoni mdomo wa kutu umesimama, mkali,
maana mji huu chumvi haingoji kukaribishwa.
Nikasugua kwa msasa mpaka tarakimu ikajitokeza,
kima cha chini, nane nukta nne.
Vernia ikasema saba na kidogo.
Pedi ya ndani imebaki bati.

Hiyo ni ya kutetemeka.
Ya kuzama ni kesi nyingine.

Nikamwita Mbeyu, mwanafunzi wangu,
akae kitini, akanyage, ashike.
Mafuta ya breki meusi kama kahawa chungu.
Hozi kavu. Chini hakuna tone.
Na pedali inashuka, polepole,
mguu wa Mbeyu haujaongeza hata ratili.
Masta silinda, basi.
Inavuja ndani kwa ndani,
kama mtu mwenye adabu.

"Tangu lini, Mwalimu?"
"Tangu Ramadhani."
"Ramadhani ipi?"
Akatazama viatu vyake.
"Nilishazoea, fundi. Nakanyaga mara mbili.
Ya kwanza ni ya kubisha hodi."

Nikajikunja kuchomoa pini ya pedali,
kichwa chini, miguu nje mlangoni,
ndipo nikaliona zulia la upande wa abiria.
Limetoboka. Duara la kisigino,
na bati linang'aa chini yake.
La dereva bado lina manyoya.

Sikuuliza.
Bi Mwanamvua alikuwa kwenye benchi,
mkoba magotini,
anahesabu kitu bila kutoa sauti.

Diski hubadilishwa mbili,
hata kama moja bado ina heshima yake.
Mbeyu alikwenda Mwembe Tayari, akarudi na pedi pia
na hadithi ndefu ya bei.
Kisha: kanyaga, shika, achia. Kanyaga, shika.
Vipovu vikapanda kwenye chupa ya jemu,
vikapungua, vikaisha.

Tukaijaribu mteremko ule ule, mimi nyuma.
Pedali ikakaa juu, ngumu,
kama mlango wa mwenye nyumba aliye macho.
Gari likasimama kimya, usukani umetulia.
Mwalimu akacheka, akapiga honi bure.

Mimi nilikuwa natazama kiatu cha Bi Mwanamvua.
Kilikuwa kimekanyaga kabla ya mumewe,
pale pale penye tundu,
na kilikuwa bado hakijaachia.