Hodi ya Tatu

Ijumaa, sinema ikishatutapika nje saa nne na nusu,
upepo wa mto Humber hutupokea kwa makofi,
nasi hukimbilia kwa muuza chipsi wa Barabara ya Beverley,
watu wanne tusio na undugu ila wa woga.

Gintaras, dereva wa lori, hajafungua hata koti:
"Muuaji nilimjua tangu dakika ya kumi."
Hiyo ni ile ya wiki jana, ya mke na feri,
bado imemkaa kooni kama mwiba.
"Simu ya msiba inalia, eti anashtuka,
na mezani kashaandaa sahani moja. Moja!
Nani huandaa sahani moja kabla hajawa mjane?"
Mwachofi anasema sahani si ushahidi.
Kwake kila jioni ni sahani moja,
na bado hajaua mtu.

Mwachofi huyu, anayeendesha basi la usiku
kupita makaburini bila hata kukohoa,
sinemani hujifunika uso kwa kofia ya kazi,
kisha hutoka akigawa alama kama mwalimu wa hesabu:
"Sita kwa kumi. Damu nyepesi, kama juisi ya rozela.
Na mzuka wameuonyesha mapema.
Mzuka ukishauona viatu, basi,
huyo ni mpangaji tu."

Ya leo ilikuwa ya nyumba ya mawe, nyikani,
mjane peke yake, mvua,
na kitu kinachogonga ukuta kila usiku mara tatu.
Bisi ziliruka. Kijana wa nyuma yetu alimwita mama yake.
Mimi nakiri: goti halikutetemeka,
ila neno "karibu" lilinifikia kwenye meno,
nikaliuma.

Niliwaeleza. Kwetu Pangani mgeni huitikiwa,
awe mdai, awe mchawi;
akipiga hodi ya tatu pasi na jibu
hugeuka akaenda zake, na lawama si yake.
"Basi kwenu," akasema Gintaras,
"hii ingekuwa filamu ya dakika nne,
tatu kati yake mnakunywa chai."

Tulicheka mpaka siki ikamwagika.
Tukasifu mwisho: padri, kengele, chumvi,
ukuta unapasuka, kimya, jua.
Mwachofi akaongeza alama, ikawa saba.

Maureen alikuwa anambandua samaki ngozi.
Miaka sabini na miwili; aliwahi kukata tiketi
katika sinema ya mapazia mekundu
ambayo leo ni ghala la mazulia.
Hukaa safu ya mbele, peremende shavuni,
na sijamwona akipepesa jicho.

"Ulikuwa ukatili," akasema.
"Damu?"
"Mwisho.
Mtu karudi na mvua yote ile,
miaka miwili njiani, anagonga tu.
Hajavunja hata kikombe.
Naye anamwitia padri."

Akafuta unga mwekundu wa pilipili,
ule ambao watu wa Hull huuapia,
kidole baada ya kidole.
"Filamu nyingine sizitaki. Huko
aliyekufa amekufa."

Hakuna aliyetaja alama.
Mwachofi akamsogezea chipsi ya mwisho,
iliyoungua, aipendayo.
Akaila. Akatugombeza tusichelewe Ijumaa ijayo,
maana matangazo ndiyo matamu.

Saa nane usiku bomba la joto
linagonga nyuma ya kitanda changu.
Fundi alisema ni hewa, alinitoza pauni sitini kusema hivyo.
Mara moja.
Mara ya pili.
Nikaketi, blanketi mabegani, nikihesabu.

Halafu nikawasha taa, nikaenda jikoni,
nikabandika birika.
Kabatini nilitoa vikombe viwili,
nikarudisha kimoja,
nikakitoa tena.